Mwamba wa Mbali na Wageni Wake: Hifadhi ya Serikali, Mwekezaji, Tengefu ya Kijiji au Ulinzi wa Kudumu na Wageni wa Msimu?

Kamati nyingi za wavuvi katika mwambao wetu, kutoka Kiunga hadi Mtwara, zinajikuta katika mjadala uleule. Kuna mwamba mzuri ulio mbali na ufuko, safari ya saa nzima au zaidi kwa boti ya mashine. Zamani umbali wenyewe uliutunza. Sasa manahodha wa boti za wageni wameujua, nanga zinatupwa juu ya matumbawe, na usiku wanakuja watu wa dago, wavuvi wanaohama na kupiga kambi, kutoka mbali na majuya yao. Kikaoni kila mtu anakubali kwamba hali hii haiwezi kuachwa. Ugomvi unaanza pale inapoulizwa nani akabidhiwe kazi. Mmoja anataka serikali itangaze hifadhi. Mwingine amesikia habari za Chumbe, kisiwa cha Zanzibar kinachosimamiwa na kampuni, anataka mwekezaji. Wazee wanasema mwamba ni wa kijiji na kijiji kiuchunge.

Nimeziweka hapa njia nne, kila moja na mahali ambapo imejaribiwa kwa miaka mingi. Tatu ni za kwetu. Ya nne inatoka Ufilipino, kwa kuwa ndiko kwenye mfano bora ninaoufahamu wa mwamba ulio mbali kweli kweli na watu.

Mambo matano ya kupimia

Mamlaka: ukimkuta mtu anavua mahali palipokatazwa, una haki gani kisheria ya kumzuia, na kesi itapelekwa wapi? Doria: nani anauona mwamba usiku, na katika miezi ya kusi bahari inapochafuka? Wageni: wanaingia wangapi kwa siku, boti zao zinafungwa wapi, na nani anawasimamia wakiwa majini? Fedha: mafuta, posho na matengenezo ya mashine vinalipwa na nani mwaka ambao wageni hawaji? Wavuvi: wanapoteza nini, wanapata nini, na baada ya muda gani?

Suala la doria ndilo linalosahaulika zaidi vikaoni. Watu huzungumza saa nzima juu ya kiingilio, kisha dakika tano juu ya nani atalala karibu na mwamba. Kwa mwamba wa mbali ni kosa kubwa, na utaona hapa chini kwamba kila mahali palipofanikiwa, swali hilo lilipata jibu mapema.

Njia ya kwanza: hifadhi ya serikali (Mafia na Kisite-Mpunguti)

*Mamlaka.* Hapa ndipo nguvu ya njia hii ilipo. Tanzania Bara, Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 ndiyo iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822. Sheria hiyo haivuki kwenda Zanzibar, ambako maeneo ya hifadhi kama Ghuba ya Menai na PECCA (eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba) yana utaratibu wake chini ya Serikali ya Mapinduzi. Kenya, hifadhi za taifa za bahari ziko mikononi mwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na zimeanza kitambo: Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968. Kisite-Mpunguti, mbele ya Shimoni, ina sehemu mbili. Kisite, kilomita za mraba 28, havuliwi kitu kabisa. Mpunguti, kilomita za mraba 11, mvuvi wa kienyeji anaruhusiwa na mishipi na madema yake.

*Doria.* Serikali ina boti, ina askari, ina mahakama. Kama adui yenu ni baruti, sioni njia nyingine. Uvuvi wa mabomu ulipigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 1970, lakini ulipungua sana pale tu vyombo vya dola vilipoanza kushirikiana baada ya mwaka 2016. Hakuna kamati ya kijiji inayopaswa kumtuma kijana wake akakabiliane na mtu mwenye milipuko. Upungufu ni kwamba eneo la kilomita za mraba 822 haliwezi kuonekana kutoka ofisini Utende. Boti ya doria ikikosa mafuta, mwamba wa nje unabaki peke yake.

*Wageni.* Mafia, mgeni hulipa kiingilio langoni Utende, na bahari imegawanywa katika kanda: nyingine hazivuliwi, nyingine zina masharti, nyingine ni za matumizi ya kawaida. Mpangilio ni mzuri. Ila angalieni jambo hili: papa potwe, ambao siku hizi wanaleta wageni wengi kisiwani kati ya Oktoba na Machi, huonekana zaidi upande wa Kilindoni, nje ya mpaka wa hifadhi. Mpaka uliochorwa kwa ajili ya matumbawe haukuweza kujua watalii watakuja kutafuta nini. Mkichora wenu, waulizeni kwanza wavuvi ni wapi samaki wakubwa, kasa na pomboo wanapokaa kwa misimu yote miwili.

*Fedha.* Mishahara ya askari haitegemei wageni wa mwezi huu, na hiyo ni faida kubwa. Lakini kiingilio hupita kwenye mikono mingi kabla ya kurudi kijijini, na mgawo wa vijiji unategemea kanuni na maamuzi yanayofanyika mbali na ufuko wenu.

*Wavuvi.* Mafia watu wanaishi ndani ya hifadhi, Chole, Juani, Jibondo na vijiji vingine, na wanaendelea kuvua kwa zana zinazoruhusiwa. Kisite mlango ulifungwa kabisa. Kinachonipendeza upande ule ni kinamama wa Wasini, ambao hawakusubiri mgawo wa mtu. Walijenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe makavu na mikoko, na mgeni anayekwenda Kisite akipitia kisiwani huwalipa wao moja kwa moja.

*Inawafaa* walio na eneo kubwa, vijiji vingi vinavyogombana juu ya mipaka, au uvuvi haramu wenye silaha. Haiwafai wanaotaka maamuzi ya haraka.

Njia ya pili: mwekezaji kwa mkataba (Chumbe)

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu Chumbe ndiyo inayotajwa kuliko zote na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Chumbe ni kisiwa kidogo kusini mwa Mji wa Unguja, hekta ishirini na kitu, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mapema miaka ya 1990 Sibylle Riedmiller, raia wa Ujerumani, alianzisha kampuni isiyogawana faida, CHICOP, kwa lengo la kuulinda mwamba wa upande wa magharibi na msitu wa kisiwa. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba huo kuwa eneo lililofungwa, na kampuni ikapewa jukumu la kuusimamia.

*Mamlaka.* Ni ya kuazima. Kampuni inasimamia kwa mkataba. Mwenye bahari bado ni serikali. Mkataba ukiwa na mapengo, au muda wake ukiisha vibaya, kila kitu kinatikisika. Kwa hiyo msijadiliane na mwekezaji kabla hamjakaa na mwanasheria wenu wenyewe.

*Doria.* Hapa Chumbe inatufundisha sote. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi, wakafundishwa kazi, na wanaishi kisiwani. Hawabebi silaha. Chombo kikiingia eneo lililofungwa, wanakwenda kuzungumza na nahodha, wanamweleza kwa nini mahali pale ni mazalio ya samaki anaowavua nje ya mpaka, kisha wanaandika tukio daftarini. Na ngalawa ikivunjika mlingoti au mashine ikizima, walinzi haohao ndio wanaokwenda kuokoa. Mvuvi aliyewahi kuokolewa na mlinzi haoni haya kumsikiliza. Daftari nalo si kitu kidogo: baada ya miaka mnajua ni mwezi gani uvamizi unazidi, na ni vyombo vya wapi. Haya yote yanawezekana kwa sababu mwamba uko mbele ya macho ya mtu anayelala pale. Mwamba usio na kisiwa cha kukalika hauwezi kuiga mpango huu.

*Wageni.* Wachache kwa makusudi. Kuna vibanda saba tu vya kulala, maji ya mvua hukusanywa mapaani, umeme ni wa jua, na vyoo ni vya mboji ili uchafu usishuke baharini. Mgeni huogelea kwa miwani na mrija akiongozwa na mlinzi; kuzamia kwa mitungi kwa ajili ya starehe hakuruhusiwi. Watoto wa shule huletwa bila malipo kujifunza, jambo ambalo ningependa kuliona katika kila mkataba wa aina hii, kwa kuwa watoto wengi wa visiwani hawajawahi kuyaona matumbawe yaliyo hai.

*Fedha.* Wageni wanaolala ndio wanaolipia walinzi na masomo. Ni mpango safi mpaka wageni wasije. Korona ilipofunga safari mwaka 2020, kila hifadhi inayoishi kwa utalii ilihisi maumivu hayo. Tena msidhani fedha huanza kuingia mara moja: Chumbe ilipokea wageni wake wa kulipa miaka kadhaa baada ya kazi kuanza, kwa kuwa vibali na ujenzi kwenye kisiwa kisicho na maji vilichukua muda mrefu na gharama kubwa kuliko ilivyokusudiwa.

*Wavuvi.* Hili huwa halisemwi. Kabla ya kufungwa, mwamba ule ulikuwa hauvuliwi sana, kwani upo kando ya njia ya meli na ufuko wa mbele yake ulikuwa na eneo la jeshi. Kwa hiyo waliopoteza walikuwa wachache. Kama mwamba wenu unalisha kaya mia mbili, msimwamini mtu anayewaambia kwamba mtapata Chumbe ya pili bila kulipa fidia.

*Inawafaa* walio na mwamba mdogo, unaoonekana wote kutoka kisiwani, wenye watumiaji wachache, na mwekezaji aliye tayari kuonyesha hesabu zake.

Njia ya tatu: tengefu ya kijiji (Kuruwitu)

*Mamlaka.* Kuruwitu iko kaunti ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Mwaka 2003 wanakijiji waliona samaki wamekwisha. Kulikuwa na uvuvi uliozidi na pia biashara ya kukamata samaki wa mapambo. Wakaunda chama chao, na mwaka 2005 wakafunga hekta 30 za bahari. Ilikuwa hatua ya kwanza ya namna hiyo Kenya kufanywa na wanakijiji wenyewe, na walihitaji kupigania kutambuliwa. Leo kijiji kinachotaka kufuata njia hii kina msingi wa kusimamia: BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuko, kwa Kenya na Tanzania Bara, kamati za wavuvi za shehia kwa Zanzibar. Ila sheria ndogo zenu lazima zipitishwe rasmi. Azimio la kikao pekee halimzuii mvuvi wa wilaya nyingine.

*Doria.* Vijana wa kijiji, na jicho la kila mtu ufukweni. Hapo ndipo pa kujiuliza: tengefu ya Kuruwitu iko karibu na nchi kavu, na mzee aliyekaa chini ya mkungu anaona chombo kikiingia. Mwamba wenu ukiwa saa mbili kutoka ufukoni, jicho hilo halipo. Mtahitaji mashine, mafuta, redio, na vijana wawili wawili wa zamu wanaolipwa, kwa sababu kujitolea huchosha mapema. Kwa ulinzi wa karibu njia hii haina mpinzani. Kwa ulinzi wa mbali inahitaji msaada.

*Wageni.* Hulipa kwa chama, huongozwa na vijana wa pale pale. Idadi huwa ndogo. Tatizo hutokea pale kijiji jirani au mwenye boti binafsi anapoanza kuleta wageni wake bila kupitia kwenye chama. Bila sheria ndogo hamna la kumfanya.

*Fedha.* Kidogo, lakini inabaki nyumbani. Wafadhili husaidia mwanzoni, kisha miradi huisha. Pangeni tangu mwanzo gharama ambazo kijiji kinaweza kubeba chenyewe.

*Wavuvi.* Wanapoteza kwa hiari yao, na tofauti ni kubwa mno. Kanuni iliyotoka kikaoni, ikasemwa na imamu Ijumaa na mchungaji Jumapili, inashika watu ambao askari hangewashika. Katika kisiwa cha Misali, Pemba, mafunzo ya dini kuhusu uangalizi wa viumbe yaliingizwa katika kazi ya hifadhi mwishoni mwa miaka ya 1990, na wavuvi wa dago waliyaelewa kuliko mabango.

*Inawafaa* wenye umoja na mwamba wa karibu kiasi. Kijiji chenye mgogoro wa uongozi kimalize mgogoro huo kwanza.

Njia ya nne: ulinzi wa kudumu, wageni wa msimu (Tubbataha)

Tubbataha iko katikati ya Bahari ya Sulu, kama kilomita 150 kutoka Puerto Princesa, Ufilipino. Ilitangazwa hifadhi mwaka 1988, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1993, na leo ina karibu hekta 97,000. Haina watu wakaazi.

*Mamlaka* ni ya bodi ya pamoja iliyowekwa na sheria yake maalumu ya mwaka 2009. *Doria* hufanywa na walinzi wachache wanaokaa kwa zamu za miezi katika kituo kilichojengwa kwenye fungu la mchanga, mchanganyiko wa wanamaji, walinzi wa pwani, wafanyakazi wa hifadhi na watu wa manispaa ya Cagayancillo, ambayo mwamba uko ndani ya mipaka yake. *Wageni* huja kati ya Machi na Juni tu bahari inapotulia, wakiwa kwenye meli wanazolala humo humo. Nanga hairuhusiwi, meli hufungwa kwenye maboya. Hakuna hoteli, hakuna duka. *Fedha* za viingilio hubeba sehemu kubwa ya gharama, na wazamiaji hulipa vizuri kwa kuwa mahali ni adimu. *Wavuvi* hawaruhusiwi kabisa kuvua ndani.

Hata hivyo mwaka 2013 meli ya jeshi la Marekani, USS Guardian, ilipanda juu ya mwamba ule na kuharibu zaidi ya mita za mraba 2,300 za matumbawe. Marekani ililipa fidia. Fidia ilipatikana kwa sababu kulikuwa na walinzi walioona, sheria iliyotaja makosa, na wataalamu waliopima hasara. Mwamba usiolindwa ungeharibika vilevile, na kusingekuwa na wa kumdai mtu.

*Inawafaa* walio na mafungu ya nje kabisa. Kwetu huwa nafikiria Fungu la Kizimkazi, lile linaloitwa Latham kwenye ramani, penye ndege wa bahari na kasa wanaotaga, bila maji ya kunywa. Kijiji kimoja hakiwezi kuiendesha njia hii. Ni kazi ya nchi.

Yanayowahusu wote

Njia yoyote mtakayochagua, anzeni na maboya. Nanga moja inayoburuzwa inavunja kwa dakika chache matumbawe yaliyokua kwa miongo, na boya ni rahisi kuliko boti ya doria. Mgeni apewe maelezo kabla hajaruka majini: asisimame juu ya mwamba, asiguse, asilishe samaki. Wasiojua kuogelea vizuri wavalishwe jaketi la kuelea, kwa kuwa mtu anayeogopa hutafuta pa kukanyaga. Nahodha apange ziara kwa kufuata maji, si kwa ratiba ya hoteli: maji yakipwa sana siku za bamvua, mapezi yanagonga kila kitu.

Na tusidanganyane juu ya joto. Matumbawe yalipauka vibaya mwaka 1998, tena 2016, tena 2024, ndani ya hifadhi na nje yake. Hakuna mlinzi anayeweza kuzuia maji ya moto. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba mwamba uliopauka haukanyagwi wala kukokotwa juya wakati unapojaribu kupona, na mwezi wa mpauko kuufungia wageni.

Mchague vipi

Kama kuna baruti au vyombo vya kigeni vyenye nguvu, iteni serikali kwanza, hata kama mnapenda tengefu. Mkishapata utulivu mnaweza kuomba usimamizi wa pamoja, na ombeni mgawo wa kiingilio uandikwe kwa asilimia, si kwa ahadi.

Kama mwamba ni mdogo, una kisiwa cha kukalika, na watumiaji wake ni wachache wanaojulikana kwa majina, mwekezaji anaweza kuwa jibu. Dai ajira za ulinzi kwa wavuvi waliohamishwa, siku za bure za wanafunzi, hesabu za kila mwaka zisomwe kijijini, na akiba ya mishahara ya walinzi kwa miezi ambayo wageni hawaji.

Kama mwamba unaonekana kutoka ufukoni na kijiji kina sauti moja, fungeni wenyewe na mpitishe sheria ndogo. Kama uko mbali kiasi lakini umoja upo, unganeni na vijiji jirani mgawane zamu na mafuta, na muombe idara ya uvuvi iwape redio na ofisa wa kwenda naye siku za bamvua.

Kama ni fungu la bahari kuu lisilo na mkaazi, msijibebeshe peke yenu. Pelekeni hoja kwa wilaya au kaunti, pamoja na daftari la vyombo mlivyoviona na tarehe zake.

Na kama bado hamuaminiani, msianze na hifadhi ya kudumu. Anzeni kwa kufunga uvuvi wa pweza kwa miezi kadhaa kwenye sehemu ya mwamba inayokauka, kama walivyofanya Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004, na kama zilivyofanya baadhi ya jamii za Pemba baadaye. Eneo liwe dogo, alama ziwekwe zinazoonekana, na watembeza wageni wapewe taarifa mapema. Kufungua kupangwe siku ya bamvua ili kinamama wanaochokoa kwa miguu nao wapate, wasiwe wazamiaji peke yao. Usiku wa kuamkia siku hiyo ongezeni walinzi mara mbili, maana ndio usiku ambao wezi huwahi.